Maswali ya Wasomaji: Mama Ananyonyesha, Nani Anamsaidia?

Barua za mwezi huu zimetoka Mbagala, Mathare, Pangani, Mwanza, Kahama na kwingineko, na nyingi zinauliza jambo moja: maziwa hayatoshi, tufanyeje? Wanaojibu ukurasa huu ni wakunga na maafisa lishe. Tunaloliamini tuliseme mapema. Katika nyumba nyingi za kipato kidogo, kinachoanza kupungua ni muda wa mama na mikono ya kumsaidia. Maziwa hupungua baadaye, kwa sababu hiyo.

*Shikamooni. Nina mtoto wa wiki tatu, ndiye wa kwanza. Jioni analia sana, ananyonya anaacha, ananyonya anaacha. Matiti yamekuwa malaini, si kama wiki ya kwanza. Jirani anasema maziwa yangu ni mepesi, ninunue ya kopo au nimpe ya ng'ombe. Nataka kurudi kwenye biashara yangu ya mama lishe akitimiza arobaini. – Mzazi, Mbagala, Dar es Salaam*

Marahaba, mdogo wetu, na hongera kwa uzazi. Kopo usinunue kwanza. Hayo uliyoyaeleza hayatoshi kuonyesha kwamba maziwa yamepungua. Matiti hujaa na kuwa magumu siku za mwanzo kwa sababu damu na maji ya mwili hujikusanya hapo wakati maziwa yanaanza kuja. Ikifika wiki ya pili au ya tatu uvimbe ule huisha, titi hulainika, na maziwa yanaendelea kutengenezwa kadiri mtoto anavyoyatoa. Kilio cha jioni nacho ni cha kawaida kwa watoto wa umri huo. Saa hizo maziwa hutiririka taratibu, na mtoto hutaka kunyonya mara nyingi kwa muda mfupimfupi. Rangi isikutishe pia: yanayotoka mwanzo huonekana mepesi, yanayotoka titi likikaribia kuisha ndiyo mazito zaidi, na mtoto anayahitaji yote.

Vipimo vya kuaminika ni viwili. Kwanza mkojo: mtoto aliyevuka siku ya tano akikojoa mara 6 au zaidi ndani ya saa 24, mkojo mweupe usio na harufu kali, anapata maziwa. Kipimo hiki kinafaa tu kama hapewi maji, maana mtoto wa maji hukojoa sana huku tumboni hana kitu. Pili uzito: watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, kisha hurudia uzito wa kuzaliwa wakifika wiki mbili hivi. Baada ya hapo aongeze angalau gramu 125 kwa wiki, yaani nusu kilo kwa mwezi. Mpeleke kliniki wiki hii akapimwe, na uione mwenyewe namba inayoandikwa kwenye kadi. Akiwa hakojoi mara 6, mkojo umekolea, au hajarudia uzito wake, usisubiri siku ya kliniki.

Hilo la kunyonya na kuachia tunalishuku zaidi, kwa kuwa mara nyingi linatokana na jinsi anavyolishika titi. Mwangalie akiwa ananyonya: mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na ule weusi unaoizunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Akishika chuchu tupu utaumia wewe, na yeye atavuta kidogo, achoke, alie. Mtoe kwa kupitisha kidole chako safi pembeni mwa mdomo, uanze upya. Tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mwili viwe kwenye mstari mmoja, na umlete yeye kwenye titi badala ya kumwinamia. Gusisha chuchu kwenye mdomo wake wa juu, ngoja apanue kweli, ndipo umvute kwako upesi. Anyonye mara 8 hadi 12 mchana na usiku, na amalize titi moja kabla ya kupewa la pili.

Ukianza kopo mambo huenda hivi. Mtoto akishiba maziwa ya kopo analala, titi linabaki limejaa, na titi lililojaa hupunguza utengenezaji. Kesho yake maziwa yanakuwa machache kweli, unaongeza kopo, na jirani anaonekana alisema kweli. Hesabu ya fedha ni hii: mtoto anayelishwa maziwa ya kopo tu huhitaji takriban kilo 20 za unga kwa miezi 6 ya kwanza. Hayo ni makopo 50 ya gramu 400. Zidisha bei ya kopo moja la dukani kwenu mara hamsini, halafu uongeze mkaa na maji ya kuchemsha. Fedha inapokata, watu huzimua unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto hudhoofu huku anaonekana anakunywa. Maziwa ya ng'ombe hayamfai mtoto wa umri huo: chumvi na protini yake ni nyingi mno kwa figo zake.

Kuhusu chakula chako, ongeza mlo mmoja mdogo juu ya unavyokula siku zote: ugali na maharage, dagaa, mchicha au kisamvu cha karanga, tunda linalopatikana. Uji wa pilipili manga unywe, ni mzuri kwa sababu ni uji wa moto na mtu amekaa akakupikia. Pilipili yenyewe haitengenezi maziwa. Maji kunywa kadiri ya kiu. Mwanamke anayekula kwa shida bado hutoa maziwa yanayomtosha mtoto wake, ila yeye mwenyewe ndiye anayedhoofika. Kwa hiyo ndugu wakitaka kukusaidia, wakuletee chakula wewe, wasimletee mtoto kopo.

Siku arobaini walizokupa wazee zitumie zote kunyonyesha na kulala. Ukirudi kwenye biashara nenda na mtoto, akae mbali na moshi wa mkaa na mafuta ya moto, na awepo mtu wa kukushikia sufuria dakika ishirini kila baada ya saa mbili au tatu. Mpatane naye sasa, kabla hujarudi.

*Habari zenu. Mimi ni mama fua, natoka Mathare asubuhi saa moja na kurudi saa kumi na moja jioni. Mtoto ana miezi mitatu na namwacha na mama anayelea watoto hapa kwa ploti. Sina friji. Nikikamua maziwa yataharibika? Yeye ananiambia nimwachie uji. – Mama, Nairobi*

Nzuri, mama. Uji ungoje mpaka atimize miezi 6. Maziwa yanaweza kukamuliwa na yakakaa, mradi ufuate utaratibu.

Tafuta kikombe au chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Ioshe kwa sabuni, kisha uichemshe dakika 10. Nawa mikono kwa sabuni. Yakande matiti taratibu kutoka juu kuelekea chuchu. Weka kidole gumba juu ya titi na cha shahada chini yake, nyuma kidogo ya chuchu, kwenye weusi au pembeni yake. Sukuma kuelekea kifuani, bana vidole vikutane, achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu wala usiteleze vidole juu ya ngozi. Dakika ya kwanza huenda yasitoke kitu, wengi ndipo wanapokata tamaa; endelea, yatadondoka kisha yataruka. Kamua upande mmoja dakika 3 hadi 5 mpaka yapungue, hamia wa pili, kisha rudia pande zote mbili. Kazi nzima ni dakika 20 hadi 30. Ikikuuma, vidole viko mahali pasipo.

Kwenye chumba chenye kivuli na ubaridi wa kiasi maziwa hukaa salama kwa muda wa saa 4. Ukikamua saa moja kasoro asubuhi, mlezi ayatumie kabla ya saa tano. Ya baadaye yanahitaji barafu: kijisanduku cha kuhifadhia baridi chenye barafu, chupa imefungwa vizuri ndani yake, huyatunza hadi saa 24 endapo barafu haijayeyuka. Wauzaji wengi wa maji baridi huuza barafu, na akina mama watatu au wanne walio na watoto kwa mlezi mmoja wanaweza kuchangia sanduku moja, kila chupa iandikwe jina na saa. Yakijitenga na mafuta kuelea juu hayajaharibika, yatikise taratibu. Yapashwe kwa kuizamisha chupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe. Yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yasirudishwe kwenye chupa.

Kiasi: mtoto wa miezi mitatu hunywa kama mililita 90 hadi 120 kwa mlo. Kwa saa 10 unazokuwa nje, takriban milo 4, lenga mililita 400, yaani chupa moja ya soda ya mililita 300 na theluthi yake. Hazitatoka zote kwa mkamuo mmoja, kwa hiyo anza kukamua kidogokidogo usiku na alfajiri, ukiweka kwenye barafu. Mfundishe mlezi kutumia kikombe badala ya chupa yenye nyonyo, kwa kuwa kikombe kinasafishika na mtoto hazoei nyonyo akakataa titi. Mtoto aketishwe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike tu mdomoni na yeye ayalambe. Yasimiminwe, yatampalia.

Jambo linalosahaulika: kamua hata huko unakofua, kila baada ya saa tatu. Usipokuwa na pa kuyaweka, yamwage. Inauma kumwaga, lakini titi lisilotolewa maziwa mchana kutwa litapunguza, na mwezi mmoja baadaye utakuwa huna ya kukamua. Ukifika nyumbani mnyonyeshe kabla ya lolote, na usiku umlaze karibu yako anyonye sana. Kama unaweza kuchagua kazi, chukua nyumba zilizo karibu ili mlezi akuletee mtoto mchana.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na muda wa kufanya hivyo. Tanzania, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Ni sheria nzuri, ila kibarua wa siku kama wewe ni vigumu zimfikie. Ndiyo maana tunawaomba wenye nyumba wanaosoma ukurasa huu wampe mama fua nusu saa mara mbili kwa siku bila kukata ujira.

*Titi la kushoto lina donge, limekuwa jekundu, nina homa. Niache kumnyonyesha upande huo? – Msomaji, Morogoro*

Usiache. Maziwa yamekwama, na kumwachisha mtoto upande huo huongeza hatari ya jipu. Mnyonyeshe kama kawaida, na ukague anavyolishika titi. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha hupunguza uvimbe, na paracetamol hupunguza maumivu. Usilisugue donge kwa nguvu. Ondoa sidiria inayobana. Ndani ya saa 24 usipoona nafuu, au tangu mwanzo homa ni kali, nenda kituo cha afya: huenda ukahitaji antibayotiki ya siku 10 hadi 14, zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha, na uimalize dozi yote. Donge likiwa laini katikati kama lina majimaji, hilo ni jipu. Litolewe usaha na mtaalamu.

*Wajukuu zetu wote tumewapa maji na dawa ya mchango, na wamekua. Huku Pangani joto ni kali. Manesi wanamkataza mkwe wangu kumpa mtoto hata kijiko cha maji. Kwa nini? – Bibi, Tanga*

Shikamoo, bibi. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 yake ni maji, na yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya ndiyo yanayokata kiu. Siku za joto mtoto atataka titi mara nyingi zaidi, na hiyo ndiyo njia yake ya kuomba maji. Tumbo lake ni dogo. Kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa, na maji ya kisimani au ya dumu lisilosafishwa yanaleta kuhara. Watoto wengi walipewa wakapona, ni kweli, lakini wapo pia waliozikwa kwa kuharisha, na kila familia ya zamani inawakumbuka wake. Dawa za mchango, hizo za kienyeji za tumbo, hazipimiki: huwezi kujua mtoto amepata kiasi gani.

Dang'a, yale maziwa ya manjano ya siku za kwanza, tunaomba yasikamuliwe na kutupwa. Ni machache lakini yamejaa kinga, na mtoto anatakiwa awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Mkono wako, bibi, unahitajika kweli: mkande mkwe mgongo, mpikie, mbebe mtoto anapolia wakati ameshanyonya, na umwambie mama yake kwamba anaweza. Neno hilo likitoka kwako lina uzito kuliko likitoka kwetu.

*Mke wangu ana mtoto wa miezi minne. Mama anasema nikikutana naye nitambemenda mtoto, yaani mbegu zitaingia kwenye maziwa na kumdhoofisha. Je, ni kweli? – Baba, Mwanza*

Si kweli kwamba mbegu za mwanamume huingia kwenye maziwa. Mtoto anayeitwa amebemendwa, mwembamba mwenye kuharisha, kwa kawaida ni mtoto mwenye utapiamlo au maradhi, na anastahili kupelekwa hospitali badala ya wazazi wake kulaumiwa. Wazee waliona jambo la kweli nyuma yake: mama aliposhika mimba nyingine mapema, mtoto aliachishwa titi ghafla akadhoofu. Dawa ya hilo ni kupanga uzazi.

Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, mama hajaona hedhi, na mtoto ananyonya titi pekee mchana na usiku, bila kukaa zaidi ya muda wa saa 4 mchana au wa saa 6 usiku kabla ya kunyonya tena. Sharti moja likivunjika, tumieni njia nyingine. Kijiti, vidonge vya homoni moja, kitanzi na kondomu vinafaa, na sindano kuanzia wiki ya 6. Vidonge vya homoni mbili vingoje miezi 6, kwa kuwa vinaweza kupunguza maziwa. Na wewe baba, chota maji na ufue nepi. Saa moja unayompunguzia kazi ni saa moja ya kunyonyesha.

*Nina VVU na nina ujauzito wa miezi minane. Nitaweza kununua kopo wiki mbili za kwanza tu. Nichanganye? – Msomaji, Kahama*

Usichanganye, dada. Kunyonyesha huku ukimpa vitu vingine katika miezi 6 ya kwanza huweza kuuchubua utumbo wa mtoto na kuongeza uwezekano wa virusi kupenya. Meza dawa zako kila siku bila kukosa, na uulize kipimo chako cha wingi wa virusi kinasemaje sasa, kabla ya kujifungua. Virusi vikiwa vimefubazwa, yaani vimepungua sana kwa dawa, hatari ya kumwambukiza kwa kunyonyesha hushuka sana. Mnyonyeshe maziwa yako pekee miezi 6, kisha uongeze vyakula huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka miwili. Mtoto apewe dawa ya kinga tangu kuzaliwa kwa muda utakaoelekezwa, apimwe akiwa na wiki 6, na vipimo viendelee hadi baada ya kuacha titi. Chuchu ikichanika au titi likivimba, nenda kliniki siku hiyohiyo; wakati ukisubiri, mnyonyeshe upande ulio mzima na ule mwingine ukamue na kumwaga.

*Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Nataka kuanzisha kikundi cha akina mama wanaonyonyesha, lakini hatuna fedha. Nianzie wapi? – Tandale, Dar es Salaam*

Fedha nyingi hazihitajiki. Watafiti waliofuatilia mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi walikuta takriban asilimia 2 tu ya watoto wananyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Wahudumu wa afya ya jamii walipoanza kuwatembelea akina mama majumbani, tangu ujauzito, watoto wanaonyonyeshwa hivyo walivuka nusu. Mitaa ni ileile na umaskini ni uleule. Kilichoongezeka ni mtu wa kubisha hodi.

Anza na ziara kabla ya kikundi. Mwone mjamzito kuanzia mwezi wa 7, ukiwa na mume au mama mkwe wake ndani ya chumba, maana hao ndio watakaoamua kuhusu maji na uji. Baada ya kujifungua mfikie ndani ya saa 24, siku ya 3, siku ya 7 na wiki ya 6. Siku ya 3 usiikose: matiti yanajaa, chuchu zinauma, na wengi hapo ndipo wanapomtuma mtu dukani kununua kopo. Kila ziara mwangalie akinyonyesha kwa macho yako. Ukimuuliza kama ananyonyesha vizuri atasema ndiyo.

Kikundi kiwe na akina mama 8 hadi 12, kila wiki mbili, saa moja tu, mahali wanapopita kwa kazi nyingine, kwa mfano nyuma ya zahanati siku ya kliniki. Wajawazito wawemo. Mpe nafasi mama aliyevuka shida aonyeshe alivyofanya, wewe usahihishe kwa upole. Wapange zamu za kushikiana watoto na biashara. Usipokee zawadi wala mabango ya kampuni za maziwa ya kopo hata wakikuletea viti: Tanzania ina kanuni za mwaka 2013 na Kenya ina sheria ya mwaka 2012 zinazodhibiti uuzaji na utangazaji huo.

Beba mfukoni karatasi ya dalili za kumpeleka mtoto zahanati mara moja: hanyonyi kabisa, analala asiamke kunyonya, ana homa au ni baridi kuguswa, anapumua haraka, ana degedege, manjano yamefika viganjani au nyayoni, hajakojoa nusu siku. Na upande wa mama: damu nyingi, homa, maumivu makali ya kichwa, huzuni isiyoisha hata baada ya wiki ya pili. Wakati wa kumpeleka mtoto, aende akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na anyonye njiani akiweza.